Sinema ya kimya cha gerezani

Katika mji wa Delhi, huko Uhindi, kuna gereza kubwa jina lake Tihar. Mwaka 1993 mama mmoja, Kiran Bedi, aliwekwa kuwa mkubwa wa magereza ya Delhi. Alikuta watu wamesongamana, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa bado. Mwezi wa Aprili 1994 alimkaribisha mwalimu S. N. Goenka. Wafungwa zaidi ya 1000 wakakaa siku 10 pasipo kusemezana, wakiangalia pumzi zao na miili yao, kwa desturi ya Wabuddha.

Wanawake wawili wa Israeli, Ayelet Menahemi na Eilona Ariel, walifanya sinema ya mambo hayo, nayo ilitoka mwaka 1997. Kazi yao ilikuwa ngumu. Utapigaje picha ya moyo wa mtu aliyefumba macho? Ukionyesha kuta na makufuli tu, mtazamaji ataona gereza, hataona mtu. Basi waliwaacha wafungwa wenyewe waeleze hasira zao na kisasi walichokitamani. Ukiisha kuwasikia, safu za watu walioketi kimya hazikuchoshi tena: wajua sasa kila mmoja anapigana na nini.

Lakini tuwe na akili. Kamera huona machozi, haioni toba. Na mwenye kusema alikuwa bado mfungwa. Sinema ni shahidi, si hakimu.

Sisi Wakristu hatufuati mafundisho ya Buddha. Hata hivyo Bwana wetu ametuagiza kuwaendea wafungwa. Wale mabibi waliingia, wakasikiliza. Sisi je, gereza la kwetu tumelipita mara ngapi tukienda Misa?