Basi-nyumba: matengenezo ya madirisha ya vioo viwili

Dirisha la vioo viwili katika basi-nyumba ni jozi ya vioo iliyotenganishwa na nafasi nyembamba ya hewa kavu, ikazibwa kwa gundi kingo zote, kisha ikapachikwa ubavuni mwa basi la abiria lililogeuzwa makazi. Mabasi ya aina hii yanajulikana hasa Marekani na Kanada. Huko wastaafu, familia na wanamuziki wa ziara hununua mabasi ya masafa marefu, kama vile MCI, GMC, Eagle na Prevost wa Quebec, wakang'oa viti na kuweka vitanda, jiko na choo. Dirisha la basi kama hilo linatakiwa kuwa la gari na la nyumba kwa wakati mmoja: lihimili mtikisiko wa barabara, na usiku lihifadhi joto la waliolala.

Muundo

Wazo lenyewe lilitangulia magari ya petroli: Thomas D. Stetson wa New York alipewa hataza ya vioo vya kukinga baridi mwaka 1865. Katikati ya vioo viwili hukaa kitenganishi, yaani fremu nyembamba, kwa kawaida ya aluminiamu, iliyo tupu ndani na kujazwa chembe zinazofyonza unyevu. Ukingo huzibwa mara mbili. Gundi ya kwanza, ya butili, huzuia mvuke wa maji usipenye. Ya pili, ya polisulfidi, poliurethani au silikoni, hushikilia vioo pamoja.

Kinachozuia joto lisipotee ni hewa iliyotulia; kioo chenyewe husaidia kidogo sana. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha takriban wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Jozi yenye nafasi ya milimita 12 hupitisha karibu nusu ya kiasi hicho. Kwa familia inayolala ndani ya basi huko Minnesota mwezi Januari, nusu hiyo ni gesi inayobaki mtungini, na ni magodoro yasiyolowa kwa maji yanayotiririka kutoka madirishani.

Chanzo cha uharibifu

Dirisha linaweza kuvunjwa na jiwe au tawi la mti, lakini mara nyingi zaidi vioo hubaki vizima huku gundi ya ukingoni ikiachia. Bodi ya basi hujipinda kila gurudumu linapoingia shimoni, na kila mpindo huvuta gundi. Jua huikausha. Maji yakituama ndani ya mfereji wa fremu kwa sababu vitundu vya kuyatoa vimejaa vumbi, gundi hulowa wiki nzima na kuanza kubanduka. Kosa hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote kuliepuka, nalo hupuuzwa sana: kijiti na maji kidogo hutosha kuzibua vitundu hivyo.

Milima nayo ina sehemu yake. Hewa ya katikati ya vioo hufungiwa kiwandani kwa kanieneo ya mahali kiwanda kilipo. Basi lenye madirisha yaliyotengenezwa karibu na usawa wa bahari likipanda hadi mahandaki ya Eisenhower huko Colorado, kimo cha takriban mita 3,400, kanieneo ya nje hushuka kutoka kilopaskali 101 hadi karibu 67, na hewa iliyofungwa husukuma vioo kwa nje. Kama vioo visingebinuka hata kidogo, msukumo huo ungezidi tani 3 kwa kila mita ya mraba. Vioo hubinuka na kupunguza nguvu hiyo, lakini gundi ndiyo inayovutwa, kupanda na kushuka, safari baada ya safari. Kwa mabasi yanayozunguka milimani, watengenezaji wanaweza kuweka kijirija chembamba sana ukingoni ili hewa ipumue.

Gundi ikishaachia, mvuke huingia. Mwanzoni chembe huufyonza na hakuna anayetambua. Zikishiba, ukungu huonekana asubuhi na kupotea mchana, kisha hubaki siku nzima. Njia ya kuhakikisha ni kufuta kioo ndani na nje; ukungu usiofutika upo katikati. Huo ndio wakati wa kuchukua hatua. Maji yakikaa humo kwa misimu kadhaa, hunyonya chumvi za alkali zilizomo ndani ya kioo na kukila uso wake. Doa jeupe linalobaki si uchafu tena, na siki haiwezi kuliondoa.

Kutambua aina ya kioo

Kabla ya kugusa bisibisi, fundi husoma mhuri mdogo ulio pembeni mwa kioo. Kwa kanuni ya Marekani ya usalama wa magari namba 205, AS2 ni kioo kinachopitisha angalau asilimia 70 ya mwanga. AS3 kinaweza kuwa cheusi zaidi, na hakiruhusiwi mahali ambapo dereva anahitaji kuona nje. Mhuri huo unaweza pia kueleza kama kioo ni cha tempa, yaani kilichopashwa moto wa zaidi ya nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa upepo, au ni cha laminati, chenye utando wa plastiki katikati. Cha tempa kikivunjika hugeuka chembe ndogondogo mara moja. Ufa mrefu unaokatiza kioo ni dalili kwamba kioo hicho si cha tempa.

Tofauti hii huamua matengenezo. Wapo mafundi wanaotoboa matundu madogo kwenye kioo chenye ukungu, wakaosha ndani na kuacha vizibo vya kupumulia. Kwa dirisha la nyumba lenye kioo cha kawaida, njia hiyo inaweza kurudisha mwanga, ingawa hairudishi ukavu wa hewa wala kinga kamili ya baridi. Kwa kioo cha tempa haiwezekani kabisa: keekee ikikigusa, chote kinasambaratika. Madirisha ya ubavuni mwa mabasi mengi ni ya tempa, kwa hiyo mwenye basi asikubali kutobolewa kabla mhuri haujasomwa.

Kujenga upya au kununua

Vioo vikiwa bado safi, jozi inaweza kufumuliwa na kujengwa upya. Gundi hukatwa taratibu kwa waya mwembamba au wembe mrefu. Vioo huoshwa, kisha huwekwa kitenganishi kipya chenye chembe mpya, butili, na hatimaye gundi ya nje. Pakiti ya chembe hufunguliwa dakika ya mwisho, siku isiyo na unyevu, kwa sababu chembe hufyonza unyevu wa karakana kama zinavyofyonza wa dirishani. Silikoni peke yake haitoshi. Inavumilia jua vizuri sana, lakini mvuke hupita ndani yake kwa urahisi. Bila butili, ukungu utarudi.

Jozi mpya ya kiwandani ndiyo chaguo bora kwa wengi. Kioo cha tempa hakikatwi baada ya kupashwa moto, hivyo kosa la milimita chache katika oda ni hasara ya kioo kizima. Pembe za madirisha ya basi ni za mviringo, kwa hiyo futikamba haitoshi. Kadibodi hukatwa kwa umbo kamili na kujaribiwa ndani ya fremu. Unene wa jozi nzima hupimwa pia, la sivyo haitaingia kwenye ukanda wa mpira unaoishika ukingoni.

Upachikaji huhitaji watu wawili au zaidi. Jozi ya mita 1.5 kwa 0.9 yenye vioo vya milimita 4 ina uzito wa kilo 27. Dirisha linaloshikwa na mpira huingizwa kwa kamba na maji ya sabuni, kamba ikivutwa kutoka ndani ili mdomo wa mpira uikumbatie fremu. Jozi hukalia vipande vya mpira mgumu, kioo kisiguse chuma popote. Dirisha la kubandikwa kwa poliurethani hutaka praima na ukanda mweusi ukingoni wa kukinga gundi na jua, na basi lisisogezwe hadi gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa.

Baadhi ya wenye mabasi huziba madirisha kadhaa kwa bati la aluminiamu na kuweka sufi ya kukinga baridi nyuma yake. Nyuma ya kabati au choo ni uamuzi wa busara. Lakini kanuni ya Marekani namba 217 inataka mabasi ya abiria yawe na njia za dharura, na madirisha ya kusukuma ni sehemu yake. Moto ndani ya basi lenye gesi na jiko hauwapi waliolala muda mrefu. Anayebadilisha madirisha ahakikishe kila chumba cha kulala kina dirisha linalofunguka kwa mkono mmoja, na alifungue mwenyewe mbele ya familia yake kabla ya safari ya kwanza.