Kuingoja Tamthilia: Hadhira ya Michezo ya Mfululizo katika Thika na Ruiru, 1987–2022

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo uhakiki wetu wa fasihi umezoea kulipita kando, yaani hali ya watu kuungoja mchezo wa mfululizo ambao bado haujaanza kuonyeshwa. Istilahi ya taharuki tunayo tangu zamani. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika usemi wa kawaida maana yake ni kushtuka na kuhangaika; wahakiki wakalitwaa ili kuitaja ile hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachofuata. Lakini taharuki huhitaji matini. Lazima sura ya kwanza iwe imekwisha kusomwa ndipo ya pili iweze kumtaharukisha mtu. Je, huyu anayengoja tamthilia mpya, ambaye hajaona hata tukio moja, anangoja nini hasa?

Kwa maoni yangu anavyo vitu vitatu tu mkononi. Anayo saa ambayo mchezo huo utaonyeshwa; anazo sura za waigizaji aliokwisha kuwazoea kwingineko; na analo jina la mchezo. Wachunguzi wa mawasiliano wataweza kuzishughulikia saa na sura. Jina ni letu sisi watu wa lugha, nalo ndilo nitakalolifuata zaidi, ijapokuwa, kama msomaji atakavyoona, haiwezekani kulitenga kabisa na saa.

Nimechagua Thika na Ruiru kwa sababu ya muundo wa hadhira yake. Miji hii imo katika nchi ya Wagikuyu, lakini viwanda vya Thika, mashamba ya mananasi ya Del Monte na, kwa upande wa Ruiru, mashamba ya kahawa, viliwavuta Wakamba kutoka ng'ambo ya pili, Waluhya na Wajaluo kutoka magharibi, na wengineo wengi. Kiswahili hapa si lugha ya mama ya wengi. Ni lugha ya zamu ya kazi, ya sokoni na ya uani penye bomba moja la maji na milango kumi ya wapangaji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1979 Thika ilikuwa na watu 40,000 hivi. Katika hesabu ya mwaka 2019 ilikaribia 250,000, na Ruiru, ambayo zamani ilikuwa kituo kidogo cha wakulima wa kahawa, ilikuwa imeipita kwa mbali, ikafikia takriban 490,000. Hadhira kubwa kiasi hiki ya wapangaji wa lugha mbalimbali ni mahali pazuri pa kuuliza watu husubiri nini wanaposubiri pamoja.

Kwanza yafaa tuondoe utata mmoja wa saa. Mchezo wa aina hii huitwa huko Marekani kwa jina la sabuni, kwa kuwa kampuni za sabuni ndizo zilizoudhamini. Ulianzia Chicago mwaka 1930, Irna Phillips alipoandika *Painted Dreams* kwa ajili ya kituo cha redio cha WGN; na mwaka 1933 *Ma Perkins* ikaanza kudhaminiwa na Procter & Gamble. Ulitangazwa mchana, kwa kuwa aliyelengwa alikuwa mama aliyebaki nyumbani akifua na kupika. Mchana wa namna hiyo haukuwako Thika. Mchana wa Thika ulitawaliwa na king'ora cha kiwanda, na mwanamke aliyekuwa nje ya kiwanda alikuwa shambani, sokoni au kwenye kichaka cha kahawa. Isitoshe, televisheni ya Sauti ya Kenya ilikuwa ya jioni. Kwa hiyo mchezo wa mchana ulipovuka bahari uligeuka kuwa wa jioni. Mfano mzuri ni *The Bold and the Beautiful*, ulioanza Marekani mwezi wa Machi 1987 kama mchezo wa mchana na ambao Wakenya waliujua kama kipindi cha jioni. Jina la sabuni likabaki katika matamshi ya watu, sopu, bila ya sabuni yenyewe. Na hili lachekesha kidogo katika mji kama Thika ambao una kiwanda cha Bidco, mtengenezaji wa sabuni.

Kuna kichekesho kingine ambacho siwezi kukiacha. Mwaka 1981 jina la Thika lilikuwa tayari limo katika televisheni, lakini televisheni ya Uingereza. Kampuni ya Thames ilikigeuza kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, *The Flame Trees of Thika*, kuwa mchezo wa vipindi saba, na watazamaji wa Uingereza wakaijua Thika kama mahali pa utoto wa binti wa mlowezi. Wakazi wa Thika yenyewe walingoja miaka sita zaidi kabla ya kupata mchezo mkubwa wa mfululizo katika lugha waliyokuwa wakisemezana.

Huo ulikuwa mwaka 1987. Sauti ya Kenya ilitoa michezo miwili ya Kiswahili, *Tushauriane* katika televisheni na *Ushikwapo Shikamana* katika redio. Asili ya yote miwili ni kazi ya Miguel Sabido wa Mexico, aliyetunga tamthilia za kufundisha watu wazima, moja ya mwaka 1975 kuhusu kisomo na nyingine ya mwaka 1977 kuhusu uzazi wa mpango. Katika mfumo wake mhusika mwema na mhusika mbaya huwekwa mbali kabisa, na kati yao akawekwa mtu wa kawaida anayeyumbayumba, ambaye ndiye mtazamaji mwenyewe. India iliuchukua mfumo huo katika *Hum Log* mwaka 1984. Kenya nayo ilikuwa na sababu zake: idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka milioni 10.9 mwaka 1969 hadi milioni 15.3 mwaka 1979, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa kuwa mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane.

Sasa tuyatazame majina yenyewe. *Tushauriane* ni kitenzi kizima: kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, mzizi -shauri-, mnyambuliko wa kutendana, na kiishio -e cha dhamira tegemezi. Anayelitamka jina hili anajikuta amekwisha kuingizwa ndani ya ile "tu". *Ushikwapo Shikamana* ni methali, na methali nayo humsemesha mtu. Nafsi ya pili imo mwanzoni, kisha yaja amri. *Twende na Wakati*, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza mwaka 1993, una umbo lilelile la kualika. Hata majina ya Sabido ya Kihispania yalikuwa amri, moja likimtaka msikilizaji aje na jingine likimtaka aandamane na msemaji. (*Hum Log*, yaani "sisi watu", haina kitenzi, lakini nafsi ya kwanza wingi imo.) Kwa hiyo, kabla ya kipindi cha kwanza, aliyengoja mwaka 1987 alijua jambo moja la hakika: ataambiwa afanye jambo. Alingoja wito, na mwitaji alikuwa serikali.

Isidhaniwe kwamba wito huo ulisubiriwa kwa uchovu. Redio ya wakati ule ilikula betri, na betri iliyochoka ilianikwa juani ili ipate nguvu kidogo ya kuumaliza mchezo. Maji ya mto Ruiru ndiyo yaliyozalisha umeme wa kwanza wa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, lakini vibanda vya vibarua wa kahawa waliokaa kando ya mto huohuo viliendelea kutegemea betri na koroboi kwa miongo mingi. Mtu anayeibania betri yake muziki na matangazo ya vifo ili aiwekee mchezo hangoji kwa sababu ameamriwa. Methali alikuwa akiijua tangu utoto. Alitaka kusikia ni nani atakayeshikwa na ni nani atakayekataa kushikamana.

Tanzania ilitupatia kisa cha ajabu cha kungojeshwa. *Twende na Wakati* ilipoanza mwaka 1993, kituo cha Dodoma hakikuitangaza kwa miaka miwili ili watafiti waweze kulinganisha mkoa usiosikia na mikoa iliyosikia mapema. Watu wa Dodoma walianza kumsikia Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu mwaka 1995. Matokeo ya utafiti huo kuhusu uzazi na UKIMWI yamenukuliwa sana duniani. Swali la mtu wa fasihi ni jingine: habari za mchezo zilizofika Dodoma kwa mdomo wa wasafiri, kabla ya mchezo wenyewe, zilikuwa za namna gani? Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokuwa fursa adimu ya kuchunguza kungoja, na wataalamu wa lugha hatukuwapo.

Miaka ya 1990 nitaipitia upesi. KTN ilianza mwaka 1990, idhaa nyingine za binafsi zikafuata, na saa za matangazo zikaongezeka hadi zikaufikia mchana. Zilijazwa kwa michezo ya kigeni, hasa ya Amerika ya Kilatini iliyotiwa sauti za Kiingereza. *The Rich Also Cry*, mchezo wa Mexico wa mwaka 1979, ulipendwa sana ulipofika Kenya. Mtazamaji wa Thika aliyeacha shule mapema aliufuata kwa macho, na jirani aliyejua Kiingereza akawa mkalimani wa uani. Hayo yalitokea wakati viwanda kadha vya nguo vikipunguza watu kwa ajili ya mitumba, hata mchana wenyewe ukaanza kuwa na watu wa kuukalia.

Mabadiliko makubwa ya jina yaja baadaye. *Selina* mwaka 2018. *Maria* mwaka 2019. *Zora* mwaka 2021. *Sultana* mwaka 2022. Kitenzi kimetoweka na pahali pake pamekaliwa na mwanamke. Najua mifano ya kunipinga: *Huba* ya mwaka 2017 ni nomino ya dhana, na *Pete* si mtu. Lakini mkondo uko wazi. Kitenzi cha mwaka 1987 kiliahidi funzo. Jina la mtu haliahidi ila mtu. Anayengoja *Zora* hajaambiwa afanye lolote. Anangoja kujulishwa kwa mgeni, kama mpangaji anavyongoja kuona nani atahamia chumba cha pili.

*Maria* yastahili maneno zaidi. Ilitengenezwa na Jiffy Pictures ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, mtu na mkewe, ambao wote wawili walikuwa wasomaji wa habari za Kiswahili katika Citizen. Binti maskini anayejikuta katika nyumba ya matajiri ni kisa kilekile cha *The Rich Also Cry*, ambacho Mexico yenyewe ilikirudia mwaka 1995 kwa jina la *María la del Barrio*. Jina halikuwa geni basi, wala kisa. Kilichokuwa kipya ni kwamba msichana wa mtaani aliongea Sheng, wenye nyumba wakaongea Kiswahili kilichopigwa pasi, na tofauti ya tabaka ikasikika katika sentensi yenyewe bila mkalimani. Wako walimu wanaolalamika kwamba Sheng imepewa kiti sebuleni. Mimi naona kwamba bila Sheng hiyo tamthilia isingekuwa na mgogoro.

Kisha ikaja marufuku. Tarehe 27 Machi 2020 serikali iliamuru watu wasitoke nje kuanzia saa moja jioni, kwa sababu ya korona. Mwezi wa Aprili eneo la jiji la Nairobi lilifungwa, na mpaka wake wa kaskazini ukawekwa kwenye daraja la mto Chania, hapohapo Thika. Haukufunguliwa hadi mwezi wa Julai. Ruiru yote na Thika yote zilikuwa ndani, na saa moja kila mlango umefungwa. *Maria* ilionyeshwa jioni za siku za kazi, baada ya habari. Sidai kwamba marufuku ndiyo iliyoumba hadhira yake, kwani ilikuwa imekwisha kupendwa kabla ya hapo. Lakini saa ile, iliyokuwa ya matatu na foleni ya Thika Road, iligeuka kwa mara ya kwanza kuwa saa ya nyumba nzima, baba akiwamo.

*Maria* ilipofikia mwisho mapema mwaka 2021 na *Zora* ikatangazwa, wengi walinung'unika kwamba hakuna atakayeweza kuwa Maria. Manung'uniko hayo ni ushahidi bora kuliko sifa. Mtu hainung'unikii tamthilia asiyoijua isipokuwa amekwisha kuiwekea mahali. Saa ilikuwa tayari ni mali ya hadhira, na *Zora* aliingia kama mke wa pili, akipimwa kwa kipimo cha aliyemtangulia. Mwishoni mwa Machi mwaka huohuo kaunti ya Kiambu ilifungwa tena pamoja na nyingine nne, na mke wa pili naye akapata waume waliolazimika kukaa nyumbani.

*Sultana* ilileta jambo jingine. Mandhari yake ni pwani, na Kiswahili chake kina ladha ya pwani. Kwa mtazamaji wa Ruiru hiyo ni lugha anayoijua na asiyoweza kuizungumza hivyo. Tukumbuke kwamba masikio ya mji huu yalikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kameme FM ilianza mwaka 2000, Inooro FM ikafuata, na Inooro TV mwaka 2015, zote kwa Kigikuyu. Kukaa na Sultana lilikuwa chaguo.

Wangojao mchana nao wapo siku hizi. Vipindi vya jioni hurudiwa mchana, na katika saluni na vibanda vya chakula vya Thika marudio hayo hutazamwa na waliorudi kutoka zamu ya usiku pamoja na wale waliokwisha kukiona kipindi jana. Hawa wa pili hawana taharuki, kwa kuwa wanajua kila kitu. Wanachongoja ni uso wa mwenzao asiyejua, wakati jambo litakapompata. Wengine hushindwa kujizuia na kulisema mapema, na ugomvi wa kweli huzuka. Kwa mtu anayefanya hivyo Kiswahili cha vitabuni hakina neno, na ningependa kujua mafundi wa saluni humwitaje.