Ishirini na Nne: Nambari ya Mjane

Katika darsa za Kishafii za Mji Mkongwe wa Unguja, kama ile ya Sheikh Abdallah Bakathir (aliyefariki 1925) pale Ukutani, fiqhi ikifika mlango wa mirathi hugeuka hesabu. Na katika hesabu hiyo, asili iliyo kubwa kuliko zote ni 24.

Mwenyezi Mungu ametaja mafungu sita katika Suratin Nisaa, aya ya 11, 12 na 176: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Tafuta nambari ndogo kabisa inayoyakubali yote bila ya kubaki kipande. 8 ina thumuni, haina thuluthi. 12 ina thuluthi, haina thumuni. 24 ndiyo ya kwanza: nusu 12, thuluthi mbili 16, thuluthi 8, robo 6, sudusi 4, thumuni 3. Hugawika kwa nambari nane, na hapana iliyo chini yake inayogawika kwa nambari nyingi hivyo.

Tuseme mtu wa shamba amefariki. Madeni yamelipwa, na imebaki minazi 24 iliyo sawasawa. Ameacha mke, baba, mama, wana watano na mabinti watatu. Mke 3, baba 4, mama 4. Inabaki 13: kila mwana 2, kila binti 1. Haukukatwa mnazi hata mmoja.

Je, mafungu yakizidi mali? Mke, mabinti wawili, baba na mama: 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa suala hili naye yuko juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa moja katika tisa. Mali hugawiwa mafungu 27, na kila mmoja hupunguka kwa kadiri ya fungu lake. Hakuambiwa mjane apunguze peke yake.

Makadhi wa Unguja walihukumu kwa mafungu haya tangu enzi za Masultani. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kadhi wa Zanzibar tangu 1960 hadi 1967, alikuwa mmoja wao.

Basi hesabu haina kosa. Kosa ni letu. Nyumba hukaa miaka haijagawiwa, mkubwa wao kashika funguo na kodi, na mjane akiuliza huambiwa, "Subiri kwanza, mama, kwani nani kakufukuza?" Ndugu zangu, thumuni si fungu la mtu mwingine yeyote ila mke aliyefiwa na mume mwenye watoto. Lau si yeye, 12 ingelitosha. 24 imekuja kwa ajili yake. Vipi basi awe yeye wa mwisho kupewa?