Neno kwa Neno: Biti na Baiti

Vijana wanaorusha michezo ya video mubashara huelekezana, "Weka kilobaiti elfu sita." Sivyo. Ni kilobiti 6,000 kwa sekunde. Biti ndiyo kipimo kidogo kabisa cha taarifa: sifuri au moja. Mwanahisabati Claude Shannon alilitumia neno hilo kwenye makala yake ya mwaka 1948, akieleza kuwa lilipendekezwa na John Tukey. Baiti, jina lililobuniwa na Werner Buchholz wa IBM mwaka 1956, leo ni fungu la biti nane.

Kasi ya kurusha hupimwa kwa biti, ukubwa wa faili kwa baiti. Ndiyo maana OBS Studio, programu ya kurushia, huandika Kbps (kilobiti kwa sekunde), kwa b ndogo; B kubwa ni baiti. Kilobiti 6,000 ni kilobaiti 750 kila sekunde, yaani gigabaiti 2.7 kwa saa, na bando lako hukatwa hizo. Vilevile, kurusha hutegemea kasi ya kupakia, si ya kupakua. Pima ya kupakia kwanza, kisha panga kiwango kilicho chini yake, picha isikatekate.