Vitz na matope ya Namawala

Wadau, nimejibana nimepata akiba ya kagari, ila baba mdogo kule Namawala hataki kusikia habari za Vitz. Yeye gari ni Land Rover tu!

Simlaumu. Mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1973, yakapanda tena 1979 tukitoka kwenye vita ya Kagera. Fedha za kigeni hazikuwepo, na gari la mtu binafsi likawa ndoto. Mlango ulifunguka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Baadaye mitumba ya Japani ikamiminika.

Vitz ilitoka 1999, injini cc 997. Siri iko hapo: ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini huanza gari likizidi cc 1000. Starlet ya cc 1331 inalipa. Ila gari kuukuu huongezewa ushuru wa uzee, angalieni.

Masika, bonde la Kilombero likijaa maji, nitaiacha Ifakara nimalizie kwa bodaboda. Nilipomwambia, baba mdogo akacheka: "Si ununue bodaboda yenyewe, mwanangu?"

Nimerudi kwenye kikokotoo...