Chandarua Katika Hema la Mkimbizi



Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kuwapokea Wakongo waliokimbia vita; mwaka 2015 wakaja Warundi kwa makumi ya maelfu. Risasi waliziacha nyuma, mbu wakawakuta mbele.

Tiba ilibadilika: Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001, vimelea vilipokwisha kuizoea, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutumia dawa mseto. Lakini kujikinga kulibaki kugumu. Hema la turubai halina boriti ya kutundikia chandarua, na mwenye njaa hushawishika kukiuza apate unga.

Historia hii yatufundisha kwamba anayempa mkimbizi chandarua ampe pia chakula na mahali pa kukitundika. Hapo huruma hukamilika.