Hisani au Haki: Safari ya Fedha ya Mstaafu

Sheria ya pensheni tuliyorithi kwa Waingereza, ile ya mwaka 1954, ilikuwa na kifungu kimoja ambacho watumishi wachache sana walipata kukisoma. Kilisema kwamba hakuna mtumishi mwenye haki kamili ya kudai pensheni kwa ajili ya utumishi wake uliopita. Maneno ya namna hiyo yalikuwamo katika sheria za makoloni mengi ya Uingereza, na maana yake ilikuwa wazi. Pensheni ilikuwa hisani. Serikali ilimpa mzee aliyeitumikia vema, kama bwana mkubwa anavyomkumbuka mtumwa wake wa zamani siku ya sikukuu. Aliyefukuzwa kazi mwaka mmoja kabla ya kustaafu alikwenda zake mikono mitupu, hata kama alikuwa ameshika chaki kwa miaka thelathini.

Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba mtumishi hakukatwa hata senti moja katika mshahara wake kwa ajili ya pensheni hiyo, sasa angedai nini? Lakini tukitazama vizuri, mshahara wake ulipangwa mdogo kwa sababu ilijulikana kwamba ipo pensheni mbele. Kwa maneno mengine, sehemu ya ujira wake iliwekwa kando na mwajiri bila yeye kuiona. Tangu hapo historia yote ya sheria za mafao katika nchi yetu, kwa maoni yangu, ni mvutano juu ya swali hilohilo: fedha ya mstaafu ni zawadi ya mwajiri, au ni mshahara wake mwenyewe uliocheleweshwa?

Nao hao wa pensheni walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa kama wale manamba wa mashamba ya mkonge, waliokusanywa kutoka mikoa ya mbali, hasa baada ya wenye mashamba kuunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Kibarua alikuja kwa mkataba, akakata mkonge, mkataba ulipokwisha akarudishwa kwao. Uzeeni angelishwa na shamba lake na wanawe, ndivyo wakubwa walivyohesabu. Ilikuwa hesabu yenye faida sana kwa mwenye mkonge, maana gharama ya uzee wa mfanyakazi wake ilibebwa na kijiji ambacho hakikupata hata singa moja.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kwenda mbio. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kiinua mgongo kwa wanaoachishwa kazi, na mwaka 1964 ikafuata sheria ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao wengi tuliujua kwa herufi zake, NPF. Mfanyakazi alichangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri naye asilimia 5, na fedha ikaandikwa kwa jina la mfanyakazi. Hilo jina lilikuwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza kuli wa bandarini alikuwa na kitu ambacho sheria ilikitambua kuwa ni chake, na mwajiri asiyepeleka mchango alikuwa anavunja sheria.

Hata hivyo Mfuko ule ulikuwa na kasoro iliyojitokeza baadaye. Ulilipa kwa mkupuo: mchango wako na riba kidogo, basi. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi 8 na senti kadhaa. Kufikia mwaka 1997 ilihitaji zaidi ya shilingi 600. Mtu aliyeweka akiba yake miaka ya sabini, wakati shilingi ikiwa shilingi, alikuja kupewa hesabu sahihi kabisa ya shilingi zisizonunua kitu. Hakuna aliyemwibia. Vitabu vilikuwa safi. Sheria ilikuwa imelinda idadi ya shilingi, si thamani yake, na sijui ni mwanasheria gani angeweza kumtetea mzee huyo.

Lakini kisa ambacho kila anayezungumzia akiba za wafanyakazi katika Afrika Mashariki hana budi kukisimulia ni kile cha watumishi wa Jumuiya. Reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege vilikuwa vya nchi tatu kwa pamoja. Mtu wa Tabora aliweza kupangiwa kazi Nairobi, wa Kisumu akapelekwa Dar es Salaam, wa Jinja akawa Mombasa. Walichangia katika mifuko ya Jumuiya na walihesabiwa kuwa watu wenye bahati, kiasi kwamba katika miji ya reli mzazi aliyepata mkwe wa Jumuiya alitembea kifua mbele. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Kila mmoja akarudi kwao na sanduku lake, na jalada lake la utumishi likabaki katika kabati la nchi nyingine.

Msuluhishi aliyeletwa, Mswisi Victor Umbricht, alihangaika kwa miaka mingi. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Ndani yake nchi zote tatu zilikubali kwamba kila moja italipa pensheni na akiba za raia wake waliokuwa watumishi wa Jumuiya. Kwetu mkataba huo uliingizwa katika sheria mwaka 1987. Kwa hiyo haki ilikuwa imeandikwa, tena mara mbili, mara moja na marais na mara moja na Bunge.

Ilichukua miaka mingine mingi kabla haki hiyo haijawa noti mkononi. Wazee walikwenda mahakamani. Walikaa barabarani Dar es Salaam, wanaume na wanawake waliopita miaka sitini, magari yakasimama, polisi wakaitwa. Mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano mahakamani kati yao na Serikali, kwa zaidi ya watu elfu 31, na malipo yakaanza. Lakini wapo waliorudi tena kulalamika kwamba walipunjwa, wakitaka kujua riba ya miaka yote ile imekwenda wapi. Dola ambayo mwaka 1977 ilikuwa kama shilingi 8 ilikuwa sasa imevuka shilingi 1,000. Wengi walikwisha kufa, na waliopanga foleni walikuwa wajane na watoto wenye vyeti vya vifo.

Huko Kenya wenzao 749 waliifungulia Serikali yao kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2010. Waliambiwa kwamba mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa saini mwaka 1999, haurudi nyuma kugusa mambo yaliyotokea kabla haujaanza kutumika. Kisheria sioni namna ya kuupinga uamuzi huo. Ila ni vigumu kumweleza mzee aliyekuwa karani wa stesheni kwamba Jumuiya ileile, yenye jina lilelile, haimjui.

Nirudi kwetu walimu. Mwaka 1997 NPF iligeuzwa kuwa NSSF, ambayo inalipa pensheni ya kila mwezi badala ya mkupuo peke yake. Mashirika ya umma yalikuwa na mfuko wao, PPF, tangu mwaka 1978. Sisi wa serikalini tulibaki katika hisani ya 1954 mpaka mwaka 1999, ilipotungwa sheria ya mafao ya utumishi wa umma na kuundwa PSPF: mtumishi asilimia 5, mwajiri asilimia 15. Nakumbuka manung'uniko chuoni kwetu hati za mishahara zilipoanza kuonyesha makato yale. Mkufunzi mmoja wa hisabati alisema, "Wazee, acheni kulia. Anayekatwa ndiye anayeweza kudai." Alikuwa sahihi, ingawa siku ile hakupata wa kumpigia makofi.

Jambo moja tu halikuwekwa sawa. Mtumishi aliyeajiriwa mwaka 1975 na kustaafu mwaka 2005 alilipwa na mfuko huo kwa miaka yake yote thelathini, wakati michango yake ilikuwa imeingia kwa miaka sita tu. Miaka mingine ilikuwa deni la Serikali, na deni hilo lilichelewa kulipwa huku wastaafu wakiongezeka. Mfuko ulilegea. Mwezi Desemba 2021 ndipo Serikali ilipotoa hatifungani za zaidi ya shilingi trilioni 2 kupunguza deni hilo la kabla ya 1999.

Mdhibiti wa mifuko yote, SSRA, aliundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Naye baadaye alivunjwa, kazi zake zikahamia Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Hapo ndipo lilipoingia neno ambalo sasa hata muuza mchicha analijua: kikotoo.

Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Mwalimu hastaafu kabisa. Chukua mtumishi mwenye mshahara wa shilingi milioni 12 kwa mwaka, aliyetumikia miezi 400. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF unazidisha miezi kwa mshahara, unagawa kwa 540, unachukua nusu na kuizidisha kwa 15.5. Anapata mkupuo wa karibu shilingi milioni 68.9, na kila mwezi takriban shilingi 370,000. Kwa kanuni iliyoletwa mwaka 2018 unagawa kwa 580, unachukua robo tu na kuizidisha kwa 12.5. Mkupuo unashuka hadi karibu milioni 25.9, na pensheni ya mwezi inapanda hadi kama shilingi 517,000.

Watetezi wa kanuni mpya walisema mzee anapewa zaidi kila mwezi mpaka kufa. Ni kweli. Lakini gawanya tofauti ya mikupuo, milioni 43, kwa nyongeza ya mwezi, shilingi 147,000 hivi. Utapata miezi 293, yaani miaka 24 na ushei. Aliyestaafu na miaka 60 atarudisha alichopoteza akiwa na miaka 84, akijaliwa.

Kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliagiza kanuni za zamani ziendelee hadi mwaka 2023. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 waliokuwa wakipata asilimia 50 wakapandishwa hadi 40, na waliokuwa na 25 wakawekewa 35. Kwa mtumishi wetu wa ubaoni asilimia 40 ni mkupuo wa karibu milioni 41.4 na shilingi 414,000 kwa mwezi.

Mimi nilistaafu chini ya kanuni ya nusu, kwa hiyo sina la kulalamikia, na labda ndiyo maana naweza kusema bila kuonekana navutia kamba kwangu: mfuko unaoishiwa haumlindi mtu, na asilimia 50 ilikuwa nzito kwa mfuko ambao mwajiri wake mkubwa alikuwa anadaiwa. Lakini kijana aliyeajiriwa mwaka 1990 aliahidiwa hesabu moja, akapangia maisha yake juu ya hesabu hiyo, na ikabadilishwa akiwa amebakiza miaka michache. Sheria ya 1999 iliyaita mafao haki yake. Kikotoo chenyewe kimo katika kanuni, na kanuni hutiwa saini na Waziri.